Samaki wa mapambo: namna chakula kinavyoamua ukubwa, rangi na uhai wao

Wakaaji wengi wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wanamjua samaki kwa njia moja: kwenye sahani, pembeni ya bugali. Ndagala, mukeke, kuhe, hayo ndiyo majina ya soko. Lakini katika mawe ya pembeni ya Ziwa Tanganyika kuna samaki wengine, wadogo, wenye mistari na rangi ya manjano, ya machungwa au ya buluu, ambao mtu wa Ulaya, Marekani au Japani analipa pesa nyingi kusudi awaangalie tu. Anawafuga nyumbani kwake ndani ya sanduku la kioo lenye maji, lile linaloitwa akwariamu. Hao ndio samaki wa mapambo.

Biashara hii iko pia baharini, na huko ndiko ilikojulikana zaidi duniani. Ziwani na baharini kuna swali moja linalorudi kila siku kwa wanaokamata, wanaouza na wanaofuga: kwa nini samaki mmoja anakomaa vizuri na rangi yake inawaka, na mwenzake wa aina ileile anabaki mdogo, anafifia, kisha anakufa? Mara nyingi watu wanasema ni ugonjwa, ao ni maji. Maji ni sababu kubwa, kweli. Lakini sababu nyingine ambayo inasahauliwa ni chakula. Katika makala hii tunaeleza namna chakula kinavyofanya kazi ndani ya mwili wa samaki hao, tukianzia baharini, halafu turudi hapa kwetu ziwani.

Samaki wa mapambo wanatoka wapi

Mwaka 2003, kitengo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia mazingira kilitoa ripoti kuhusu biashara ya viumbe vya bahari vya kuwekwa katika akwariamu. Kilikadiria kwamba kila mwaka samaki wa bahari kati ya milioni 20 na milioni 24 wanauzwa kwa kazi hiyo, wa aina 1,471. Wengi wanatoka Ufilipino na Indonesia. Pwani ya Kenya nayo inauza samaki wa miamba kwenda nje.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya bahari na maji baridi. Samaki wa mapambo wa maji baridi, yaani wa mito na maziwa, siku hizi wengi wao wanazalishwa na wafugaji. Samaki wa bahari wengi bado wanakamatwa baharini. Sababu si kwamba watu hawajataka kuwazalisha. Sababu kubwa ni chakula cha watoto wao, na hiyo tutaieleza hapa chini.

Kwa upande wetu, Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi, karibu asilimia 45. Ndani ya ziwa kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa familia moja na tilapia, na karibu zote haziko mahali pengine popote duniani. Mubelgiji Pierre Brichard, aliyehamia Bujumbura mwanzo wa miaka ya 1970, ndiye mmoja wa watu wa kwanza waliofanya samaki hao wajulikane nje kwa kuwasafirisha kwa ndege. Mpaka leo, wanunuzi wa Ulaya wanawaita samaki hao kwa majina ya vijiji vyetu: kuna samaki wa « Moba », wa « Kapampa », wa « Bemba ».

Chakula kinafanya nini ndani ya mwili

Samaki haachi kukomaa ghafla kama mtu anayefikia miaka 20. Anaendelea kuongezeka, hata kama ni polepole, karibu maisha yake yote. Chakula anachokula kinagawanywa kwa mpango. Kwanza kinatumika kumweka hai: kupumua, kuogelea, kupona vidonda. Kinachobaki ndicho kinajenga mwili. Na akishakuwa mkubwa, sehemu inaenda kwenye mayai na mbegu. Kwa hiyo samaki anayekula kidogo tu anaweza kuishi miezi mingi bila kuongezeka hata sentimeta moja. Hafi, lakini hakomai.

Protini ndiyo inajenga nyama. Samaki mdogo anahitaji protini nyingi kuliko mkubwa. Kwa samaki wanaokula wanyama, chakula chao kinapaswa kuwa na protini karibu asilimia 40 hadi 50. Kwa wale wanaokula majani, asilimia 30 hadi 35 mara nyingi inatosha. Bugali na mkate ni wanga karibu tupu: vinajaza tumbo, lakini havijengi mwili wa samaki.

Mafuta yanatoa nguvu, na kuna mafuta fulani yanayojenga ubongo na macho. Mafuta hayo yanaitwa omega-3. Samaki wa maji baridi kwa kawaida anaweza kujitengenezea omega-3 ndefu kutokana na zile fupi zinazopatikana katika mimea. Samaki wa bahari hawezi, ao anaweza kidogo sana. Lazima azipate tayari ndani ya chakula. Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi.

Vitamini ni kidogo kwa uzito, lakini zikikosekana mwili unaharibika. Vitamini C ikikosekana, mgongo wa samaki mchanga unapinda kama herufi S, na haunyooki tena. Shida ni kwamba vitamini C inapotea upesi. Chakula cha pakiti kilichokaa wazi muda mrefu, kwenye joto na jua, kinabaki na harufu ileile lakini nguvu imeisha. Vitamini B1 nayo inaharibiwa na kitu kilicho ndani ya samaki wabichi wa aina fulani. Ndiyo maana kulisha samaki kwa samaki wabichi peke yake, siku zote, kunaweza kuleta ugonjwa wa neva.

Rangi nayo inaliwa. Samaki hawezi kutengeneza mwenyewe rangi ya machungwa, nyekundu wala manjano inayotokana na karotenoidi. Anaipata kwa kula mimea ya majini, ao kwa kula wadudu wa majini waliokula mimea hiyo. Ndugu wa kamba na kaa wana rangi hiyo kwa wingi. Samaki aliyekamatwa akiwa anawaka, akikaa miezi michache na chakula kisicho na karotenoidi, anafifia. Mnunuzi anadhani amedanganywa, kumbe samaki ni yuleyule.

Baharini: mtoto mwenye mdomo mdogo sana

Chukua mfano wa samaki wa machungwa mwenye mistari mieupe, yule ambaye watoto wengi wanamwita Nemo tangu filamu ya katuni ya mwaka 2003. Anaishi karibu na anemoni, mnyama wa bahari mwenye mikono laini inayouma. Huyu ni mmoja wa samaki wa bahari ambao watu waliweza kumzalisha ndani ya akwariamu tangu miaka ya 1970, na historia yake inaonyesha nguvu ya chakula.

Jike anataga mayai mamia juu ya jiwe. Baada ya karibu wiki moja yanaanguliwa usiku. Mtoto anayetoka ana urefu wa milimeta tatu ao nne hivi, na hana akiba kubwa ya chakula mwilini. Lazima aanze kula mapema, na chakula kiwe kidogo kuliko mdomo wake, tena kiwe kinatembea, maana mtoto huyo anakamata kile anachoona kinasogea. Unga wa pakiti unazama na kuoza, yeye hauoni.

Wafugaji wanatumia viumbe vidogo vinavyoitwa rotifa. Rotifa mmoja ana ukubwa wa chini ya theluthi moja ya milimeta. Analishwa mwani wa kijani, kisha anawekwa mbele ya watoto wa samaki. Baada ya siku kadhaa, watoto wanapokuwa wakubwa, wanapewa artemia, mdudu wa maji ya chumvi ambaye mayai yake yanaweza kukauka na kuhifadhiwa ndani ya kopo, kisha kuanguliwa ndani ya siku moja ao mbili. Mengi ya mayai hayo yanavunwa katika Ziwa la Chumvi la Utah, Marekani.

Lakini hapo kuna mtego. Artemia anajaza tumbo, ana protini, lakini omega-3 ile ndefu inayoitwa DHA hana ya kutosha. Samaki wa bahari wakilishwa artemia mtupu wanaweza kula vizuri, tumbo likaonekana jekundu na limejaa, na bado wakafa kwa wingi siku wanapobadilika kutoka mtoto wa kuelea kuwa samaki mwenye mistari. Mabadiliko hayo yanakuja kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na yanadai akiba ya mafuta mazuri. Wale wanaopona wanaweza kuwa na mistari iliyokatika ao taya lisilofunga. Ndiyo maana wafugaji wanamlisha kwanza artemia mwani ao mafuta yenye DHA, masaa kadhaa kabla ya kumpa samaki. Yaani unalisha chakula, kusudi chakula kikalishe samaki.

Kwa aina nyingine, hata rotifa ni mkubwa mno. Samaki wa manjano wa Hawaii, Zebrasoma flavescens, alisumbua watafiti miaka mingi. Watoto wake wana mdomo mdogo kabisa. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo taasisi ya Oceanic Institute huko Hawaii ilifaulu kuwakuza mpaka wakawa samaki kamili, kwa msaada wa watoto wa kopepodi, ambao ni wadogo kuliko rotifa na wana DHA kwa asili.

Samaki wakubwa wa bahari nao wana masharti yao. Farasi wa bahari hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kinapita upesi, kwa hiyo anahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku. Aina kadhaa za samaki kipepeo zinakula matumbawe hai tu, na katika akwariamu zinakufa njaa mbele ya chakula kingi. Samaki mwenye rangi nyingi anayeitwa Synchiropus splendidus anatafuta kopepodi juu ya mawe siku nzima. Akiwekwa katika akwariamu mpya isiyo na wadudu hao, anakonda mpaka anakwisha. Samaki hao wote hawakuwa wagonjwa. Walikosa tu kile ambacho mdomo na utumbo wao vilijengwa kula.

Ziwani kwetu: kila mdomo na kazi yake

Sasa turudi Tanganyika. Mtu akizamia mita tatu tu kwenye mawe, anaweza kuona aina nyingi zikiishi pamoja bila kugombania chakula kimoja. Kila moja ina kazi yake.

Tropheus anakula utelezi wa kijani unaofunika mawe, ule ambao vitabu vinauita mwani. Anaung'oa kwa meno yake siku nzima. Petrochromis naye anaishi kwa utelezi huo, lakini meno yake ni mengi na laini kama brashi. Yeye anachana jiwe. Julidochromis anatafuta wadudu ndani ya mipasuko. Xenotilapia anachota mchanga, anauchuja, anameza wadudu, anatema mchanga. Cyprichromis anakula wadudu wanaoelea katikati ya maji. Frontosa, yule mwenye nundu kwenye paji la uso, anakaa chini zaidi na anakula samaki, hasa hao Cyprichromis wakiwa wamelala. Neolamprologus multifasciatus, asiyefikia sentimeta tano, anaishi ndani ya maganda ya konokono na kungoja vidudu vinavyopita. Kuna hata Perissodus microlepis, mwizi, ambaye anaishi kwa kung'oa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda upande wa kuume ao wa kushoto. Watafiti wa Kijapani walioufuatilia upande wetu wa ziwa walieleza jambo hilo mwaka 1993, na dunia nzima ya sayansi ikashangaa.

Tofauti hiyo ya mdomo inaendelea ndani ya tumbo. Anayekula samaki ana utumbo mfupi, maana nyama inayeyushwa upesi. Anayekula mwani ana utumbo mrefu sana. Kwa Tropheus ni mara kadhaa urefu wa mwili wake, umejikunja kama kamba ndani ya kikapu. Chakula chake ni maskini, kina nyuzi nyingi, kwa hiyo kinahitaji muda mrefu kupita.

Tumbo linapovimba

Hapo ndipo wengi wanapoteza samaki. Mtu anakamata Tropheus, anamweka ndani ya beseni ao kizimba, na kwa roho nzuri anampa unga wa ndagala ao vipande vya nyama kusudi akomae haraka. Tropheus anakula, tena kwa uroho. Siku za kwanza anaonekana amenenepa. Kisha anaanza kukaa peke yake, anatema chakula, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, tumbo linavimba. Kutoka hapo mara nyingi ni siku chache. Na kwa kuwa samaki hao wanaishi kundi, mmoja akianza, wengine wanafuata.

Wafugaji wa dunia nzima wanaujua ugonjwa huo. Sababu zake ni zaidi ya moja: chakula kizito kisichofaa, hofu ya kukamatwa na kupigwa na wenzake, maji machafu, na vijidudu vya tumboni vinavyopata nafasi mwili ukidhoofika. Lakini wanakubaliana kwamba chakula cha nyama na mafuta kwa samaki wa mwani kinafungua mlango. Nyama ya ng'ombe ao ya mbuzi ni mbaya zaidi, juu ya mafuta yake: kwa joto la maji ya ziwa, nyuzi 24 hadi 27 hivi, yanabaki magumu, na ini la samaki linajaa mafuta.

Kwa frontosa ni kinyume. Ukimpa majani matupu atakonda. Yeye anahitaji samaki wadogo ao chakula chenye protini nyingi, lakini si kila saa. Kwa asili anakomaa polepole. Inamchukua miaka kufikia sentimeta 30. Anayejaribu kumharakisha kwa kumshindilia chakula anapata samaki mwenye ini la mafuta.

Mama anayelisha ndani ya mdomo

Tulisema watoto wa samaki wa bahari ni kazi ngumu. Tropheus anaonyesha njia nyingine kabisa. Jike anataga mayai machache, mara nyingi hayafiki 15, lakini ni makubwa ya ajabu kwa samaki mdogo hivyo. Anayabeba mdomoni karibu mwezi mmoja. Yai kubwa ni akiba kubwa ya chakula. Na kuna zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mama huyo anaendelea kuchuna mwani akiwa na watoto mdomoni, na watoto wanakula humohumo ndani. Wanapotoka wamezidi sentimeta moja, na wanaanza kula mwani na unga laini siku hiyohiyo. Hakuna haja ya rotifa wala artemia.

Jambo hili linagusa mfuko wa wakaaji wa pembeni ya ziwa. Kwa sababu watoto wa samaki wetu ni rahisi kulisha, wafugaji wa Ulaya na Marekani wamewazalisha miaka mingi sasa, nyumbani mwao, bila kurudi ziwani. Samaki anaitwa kwa jina la kijiji chetu, lakini amezaliwa ndani ya nyumba ya mtu wa mbali. Huku, kijana bado anazamia, anahatarisha maisha yake, na sehemu ya samaki inakufa kabla ya kuuzwa. Wanaofuga huko wana faida moja ambayo haigharimu sana: wanajua nani anakula nini. Ujuzi huo unaweza kutumika hapa pia.

Kula sana si kukomaa

Wazazi wetu wanasema mtoto anayekula sana ndiye anakomaa. Kwa samaki ndani ya chombo si hivyo. Chakula kisicholiwa, pamoja na protini inayozidi, kinageuka kuwa amonia ndani ya maji. Na amonia inategemea kipimo cha pH. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu kali. Katika maji ya pH 9, kama yale ya Tanganyika, ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo kosa dogo la kulisha ambalo samaki wa mto angelivumilia linaweza kuua samaki wa ziwa letu usiku mmoja. Samaki asiyekufa anachomeka matamvua, anapumua kwa shida, na nguvu ambayo ingejenga mwili inaishia kwenye kupumua.

Kanuni ya kawaida ni hii: samaki wachanga wanakula mara nyingi kwa siku, kidogokidogo, wakubwa wanapewa kwa siku chakula kisichozidi sana asilimia 2 ya uzito wao. Samaki 20 wa gramu 10 kila mmoja wana uzito wa gramu 200, kwa hiyo gramu 4 za chakula kikavu zinatosha siku nzima. Kama hauna mizani, toa kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili ao tatu, na ondoa kinachobaki.

Kuna pia wakati wa kutolisha kabisa. Kabla ya kufunga samaki ndani ya mfuko kwa safari, wauzaji wanawanyima chakula siku moja ao mbili. Samaki mzima anavumilia njaa hiyo bila tabu. Asiyevumilika ni kinyesi chake ndani ya lita moja ya maji yaliyofungwa.

Tena chakula hakiamui kila kitu peke yake. Katika kundi la Nemo, mkubwa kuliko wote ni jike, wa pili ni dume, na wadogo wanabaki wadogo kwa kupunguza wenyewe ukuaji wao kusudi wasifukuzwe. Jike akifa, dume anageuka jike, na anayefuata anaanza kukomaa upesi. Kwa Tropheus, anayepigwa na wenzake hali vizuri hata kama chakula ni kingi. Kwa hiyo samaki asipokomaa, angalia pia nani anamsukuma pembeni.

Chakula kinachopatikana hapa kwetu

Lengalenga iliyochemshwa kidogo na kukatwa laini inafaa kwa samaki wa mwani. Sombe mbichi hapana, kwa sababu ya sumu iliyo ndani ya majani ya muhogo. Spirulina, mwani wa kijani-buluu ambao wanawake wa Chad wanauvuna tangu zamani na kuula, ni chakula kizuri sana kwa Tropheus, inaleta protini na rangi pamoja. Njia nyingine isiyo na gharama: weka mawe laini ndani ya beseni la maji ya ziwa kwenye jua kwa wiki chache. Yatashika utelezi wa kijani. Yape samaki kwa zamu, na yakishachunwa uyarudishe juani.

Unga wa ndagala ao wa fretini unafaa kwa wanaokula wanyama, kwa kiasi, mradi ndagala hawana chumvi wala mchanga, na mafuta yake hayajachacha. Lakini tukumbuke kwamba ndagala ni chakula cha watu. Familia nyingi hazipati nyama nyingine. Kilo ya ndagala inayoenda kwa samaki wa mapambo ni kilo iliyotoka sokoni, na hesabu hiyo kila mmoja anayetaka kufuga aifanye.

Viluwiluwi vya mbu vinapendwa na samaki wengi, lakini usifuge mbu nyumbani. Malaria inaua watoto wetu. Chombo chochote cha maji ya wazi kifunikwe.

Udongo unapofunika mawe

Mwisho, chakula cha samaki hao ziwani kinaanzia mlimani. Mwani unahitaji jiwe safi na mwanga. Miti ikikatwa juu ya Uvira, mvua inashusha udongo kupitia Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira mpaka ziwani. Kila mtu anakumbuka mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Udongo uleule ulioingia ndani ya nyumba za watu uliingia pia ziwani. Ukitua juu ya mawe, unafunika mwani, na samaki anayechuna anameza matope pamoja na chakula. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1990 upande wa kaskazini wa ziwa umeonyesha kwamba sehemu zenye udongo mwingi zina aina chache za samaki.

Tropheus na wenzake wa mawe hawahami. Kundi la Bemba halivuki mchanga kwenda kutafuta jiwe safi kwingine. Kwa hiyo rangi moja inayopatikana kwenye kijiji kimoja tu inaweza kwisha na jiwe lake.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

« Samaki yangu inakula muzuri lakini haikomae, juu ya nini? » Angalia kwanza kama chakula ni cha aina yake. Halafu maji, nafasi, na wanaomupiga. Chakula cha zamani kilichopoteza vitamini pia ni sababu.

« Naweza kumupatia bugali ao mukate? » Hapana. Inavimba tumboni, inachafua maji, na haijengi mwili.

« Namna gani nitajua kama samaki ni ya mwani ao ya nyama? » Angalia mahali ulipomukamata na alichokuwa anafanya. Anayechuna jiwe siku nzima ni wa mwani. Anayejificha na kuruka juu ya wengine ni wa nyama. Kinyesi pia kinaonyesha: cha mwani ni kirefu na cha kijani.

« Ninataka kuanza kukamata ao kufuga, nifanye nini? » Uliza kwanza huduma ya serikali ya uvuvi na ufugaji katika teritware yako, juu ya ruhusa na aina zinazokatazwa. Uvira kuna kituo cha utafiti wa mambo ya maji ambacho kimefanya kazi juu ya samaki hao miaka mingi. Anza na aina moja tu, ya mwani ao ya nyama. Ukiweka zote mbili pamoja, kile kinachomfaa mmoja kitamuua mwingine.